Ami wa Sinema: "Baba, yule farasi kafa kweli?"

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia jambo moja, na mie nimeziweka pamoja mana kila moja inaivuta mwenzake. Ni khabari ya mauaji kwenye picha za zamani za Hollywood, na khasa wanyama. Nisema mapema hili jambo lanigusa sana, basi mkiniona pahala nimekuwa mrefu nivumilieni.

Shikamoo Ami. Mie niko Jang'ombe, nna mtoto wa miaka saba. Ijumaa usiku tulikaa na babu yake tukaangalia picha ya kauboi ya zamani nlowekewa kwenye flashi, Jesse James ya 1939, mzee aliipenda tangu ujana wake. Ikafika pahala majambazi wanakimbizwa, wakaruka na farasi zao kutoka juu ya jabali mpaka majini. Mtoto akaniuliza, baba, yule farasi kafa kweli? Nkamwambia hapana mwanangu, ile picha tu, wanaigiza. Mzee akakaa kimya. Mtoto alipolala akanambia, umemdanganya. Ami, nimemdanganya?

Marahaba mwanangu. Umemdanganya, lakini hukujua, na mzee wako kasema kweli.

Ile picha ilipigwa jimbo la Missouri kule Marekani, na ule mruko kwenye ziwa liitwalo Lake of the Ozarks, mwongozaji Henry King na steringi Tyrone Power. Sasa fikiri, farasi kwa akili yake haruki jabali la futi 70 hivi, umpige umfanye vyovyote, atasimama pale ukingoni na atakataa. Basi wao wakamtengenezea mteremko wenye utelezi, farasi akishafika hapo kwato hazina pa kushika, anateleza mpaka hewani. Aliyekuwa juu yake hakuwa Tyrone Power, alikuwa Cliff Lyons, mtu ambaye kazi yake ndo hiyo, kuanguka badala ya steringi, na yeye alijua anakokwenda, alikubali na alilipwa, akatoka majini mzima. Farasi hakutoka hai. Kile mlichokiona pale sebuleni si maigizo, ni mnyama anakufa.

Na hiyo 1939 wala si mwanzo. Miaka mitatu nyuma, 1936, kampuni ya Warner ilitoa The Charge of the Light Brigade, mwongozaji Michael Curtiz, steringi Errol Flynn, picha ya wapanda farasi wa Kiingereza wanavamia mizinga. Mwishoni pale farasi wanaanguka makumi kwa makumi, wanapinduka kichwa chini miguu juu, na ukitizama unasema hawa wamefundishwaje? Hawakufundishwa kitu. Kulikuwa na mtego ukiitwa Running W. Farasi alifungwa waya kwenye miguu ya mbele, waya ukapitishwa kwenye pete chini ya tumbo, ncha ya pili ikafungwa kwenye gogo lililofukiwa ardhini. Mpanda farasi anajua urefu wa ule waya, anajitayarisha. Farasi hajui. Anakimbia kwa nguvu zake zote mpaka waya unakwisha, na pale pale miguu ya mbele inavutwa chini yake. Hesabu inayotajwa kwa picha ile moja ni farasi 125 walioangushwa kwa waya, na 25 kati yao walikufa pale pale au ilibidi wauliwe kwa kuvunjika. Flynn mwenyewe alichukia mambo yale na alilalamika wazi wazi.

Nkwambie kitu mwanangu, na hili sijawahi kuliandika hapa. Nlipokuwa mdogo tulikuwa tukenda picha pale Majestic, Vuga, tunakaa mbele kabisa kwenye viti vya bei rahisi, na picha za zamani za farasi na bunduki zikirudishwa mara kwa mara. Farasi wakianguka ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi na mbinja, na mie nkipiga. Siku moja mchana kabla ya picha, Darajani, punda wa gari la mizigo alikuwa kaanguka, mzigo wa simenti ulimzidi, kalala ubavu anahema na macho kayatoa, na watu wakaja mbio kutoka kila duka, wengine wanashusha mifuko, wengine wanakata kamba, bibi mmoja kavua mtandio wake kaulowesha maji kampangusa punda pua. Mpaka akasimama. Kila mtu aliguswa. Na mie yule yule, jioni ile ile, nkenda Majestic nkapiga makofi farasi kumi wakivunjwa miguu. Sikuunganisha. Nadhani niliunganisha baada ya miaka ishirini hivi, nlipokuja kusoma zile picha zilipigwa vipi, na usiku ule sikulala vizuri.

Lakini mueleze mtoto na upande wa pili, kwamba watu walisema. Ilipotoka Jesse James kelele zikawa kubwa kule kwao, na 1940 shirika la kutetea wanyama liitwalo American Humane likafungua ofisi Hollywood, likapewa ruhusa ya kusoma miswada na kuingia pale picha inapopigwa ili kutizama wanyama wanavyotendewa. Ule mtego wa waya ukapigwa marufuku. Na kilichofuata ni kwamba kumbe inawezekana! Wakaanza kuwafundisha farasi kuanguka wenyewe, taratibu, mpanda farasi anavuta kichwa cha farasi upande mmoja, farasi anajilaza kwa bega kwenye shimo la mchanga laini lililochimbwa kabla, anainuka anapewa karoti. Kwenye skrini huoni tofauti, picha inavutia vile vile.

Basi mwambie mwanao kweli. Miaka saba anafahamu. Mwambie ndio, yule kafa, nilikosea kukwambia hapana, na baada ya yeye kufa watu waliweka sheria ili wengine wasife. Mwambie na babu yake yupo anasikia.

Assalaam alaykum Ami. Mimi ni mama wa Wete. Binti yangu yuko kidato cha nne, aliangalia The Godfather kwa mwenzake, ile pahala yule tajiri anaamka asubuhi anafunua shuka anakuta kichwa cha farasi kitandani. Siku tatu hali vizuri. Nilitaka kumwambia ni mpira ule, lakini na mimi nilivyokiona, mh. Ni mpira?

Waalaykum salaam mama. Si mpira. Ni kichwa cha farasi cha kweli, lakini huyo farasi hakuuliwa kwa ajili ya picha. Mwongozaji Francis Ford Coppola alieleza kwamba walijaribu cha bandia kwenye mazoezi, halafu siku ya kupiga picha wakaletewa cha kweli kutoka kiwanda cha New Jersey kinachotengeneza chakula cha mbwa, farasi ambaye alishachinjwa kwa kazi hiyo hata ingekuwa hakuna picha. Yule muigizaji, John Marley, hakuambiwa kwamba kitakuwa cha kweli, kwa hiyo ule ukelele mama ni ukelele wake khasa.

Mie hilo la kichwa silipendi lakini siliweki fungu moja na yule wa jabalini. Pale hakuna kiumbe aliyepata maumivu kwa sababu ya kamera. Mueleze binti hivyo, naona itamsaidia zaidi kuliko kumwambia mpira halafu siku moja agundue mwenyewe.

Na kama anaogopa damu ya picha kwa jumla, mpe hii. Psycho ya 1960, ya Alfred Hitchcock, yule mwanamke anachomwa kisu bafuni, watu walitoka sinema wanatetemeka. Damu ile ni sharbati ya chokoleti! Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe kwa hiyo rangi haikuwa na neno. Na sauti ya kisu kuingia mwilini walichoma tikiti. Ndo ufundi huo, mtu anatishika mpaka mifupani na hakuna aliyechubuka. Ila Hitchcock huyo huyo miaka mitatu mbele akatengeneza The Birds, na pale Tippi Hedren akarushiwa ndege hai siku tano mfululizo ndani ya chumba, wengine wakifungwa kwenye nguo zake, mmoja akamparura karibu na jicho, mpaka daktari akaamuru apumzishwe. Yaani alikuwa anajua kuifanya bila ya kumuumiza mtu, akaifanya kwa kumuumiza. Hilo ndo linaloniudhi mie zaidi.

Ami, mie nakuheshimu lakini leo nitakupinga. Mie kazi yangu kuchinja na kuuza nyama, sokoni Mkoani. Nimesikia watu wanalaumu Apocalypse Now kwa sababu mwishoni yule nyati anakatwa kweli. Sasa wale wanaolaumu hawali nyama? Kila siku ng'ombe wangapi wanachinjwa dunia nzima hakuna anayelia, mmoja tu kaonekana kwenye picha basi makelele. Na sisi Iddi ya Kuchinja je? Watoto wanatizama. Mbona hatuambiwi wakatili?

Hii ndo barua nlioisoma mara nyingi kuliko zote, na nakushukuru kaka yangu, mana hoja yako ina uzito na watu wengi wanaikimbia.

Kwanza hebu tuweke sawa ilivyokuwa. Picha ile ilitoka 1979, ilipigwa Ufilipino. Coppola (ndo huyo huyo wa kichwa cha farasi) alileta watu wa kabila la Ifugao wakae pale na waigize, na wale wana kafara zao kwa mila zao, wakamkata yule nyati wa kufugwa kwa mapanga, kamera zikapiga. Waliotetea walisema kama unavyosema wewe, yule mnyama angekufa tu. American Humane ikaikataa ile picha.

Sasa nakuuliza wewe, mana wewe ndo fundi hapa si mie. Ng'ombe wako unamkata mapanga mgongoni amesimama? Hapana. Unamlaza, unamuelekeza kibla, unataja jina la Mwenyezi Mungu, kisu umekinoa kabla, tena umekinoa pembeni asikione, na unakata mara moja pahala panapojulikana. Mtume wetu, rehma na amani zimfikie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema katika kila kitu, na tukichinja tuchinje vizuri, mtu anoe kisu chake na ampe raha mnyama wake. Ni hadithi iko kwa Muslim, unaijua kuliko mie. Na humo humo kwa Muslim tumekatazwa kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Kwa hiyo wewe na yule wa kwenye picha hamfanani hata kidogo, na mie silii kwamba ng'ombe kafa, mie mwenyewe nala nyama na biriani yangu bila nyama siiwezi.

Nnacholia mie ni kingine. Wewe ukichinja, kila unachofanya unakifanya kwa ajili ya mnyama na kwa ajili ya mlaji. Ikiingia kamera panaingia mtu wa tatu, mtizamaji, na huyo raha yake inataka kinyume cha yule mnyama. Mnyama anataka iishe haraka, mtizamaji anataka aone. Mnyama anataka kisu kisionekane, mwongozaji anataka king'ae kwenye taa. Ndo mana mapanga, ndo mana jabali, ndo mana waya. 1973 Sam Peckinpah kwenye Pat Garrett and Billy the Kid kafukia kuku mchangani mpaka shingo, wanapigwa vichwa risasi mmoja mmoja, wanaume wanacheka. Kuku wale hata kama waliliwa baadae, niambie kaka, ile ni kuchinja?

Na ujue mambo ya miaka hiyo ya sabini hayakutokea hivi hivi. Zamani Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili, zilikazwa tangu 1934, na humo mlikuwa na katazo la ukatili kwa watoto na wanyama. American Humane ilikuwa inaingilia mlango huo. 1968 zile kanuni zikaondolewa, zikaletwa alama za umri, picha hii ya watoto na hii ya wakubwa, na mlango ule ukafungwa. Wasanii wengi walifurahia uhuru na mie nafahamu kwa nini, kanuni zile zilikuwa zinazuia mambo mengi ya maana kusemwa. Lakini farasi na kuku wakabaki hawana mtu. Miaka kumi na kitu hivi. Ikafika 1979 Michael Cimino akaenda Montana kupiga Heaven's Gate, wale wa American Humane wakazuiwa wasiingie, na baadae wakatangaza yaliyofanyika ndani, jogoo waliopiganishwa kweli, ng'ombe walitolewa matumbo ili yatumike kama matumbo ya watu, farasi mmoja akalipuliwa kwa baruti. Picha ilikula dola milioni 44 hivi ikaingiza kama milioni tatu na nusu. Ndo baada ya hiyo, 1980, chama cha waigizaji na watengenezaji picha wakatiana saini kwamba American Humane lazma iwepo pale pale wanyama wanapotumika.

Iddi yetu watoto watizame, mie sina neno, ila watizame na mtu mzima pembeni anawaeleza kwa nini kisu kinanolewa. Hapo watakuwa wamejifunza kitu ambacho Coppola hakumuonesha mtu.

Ami shikamoo. Mimi mwalimu, Chake Chake. Skuli yetu zamani tulikuwa tukioneshwa filamu ya wale panya wa baridi wanaojitupa baharini wote kwa pamoja wafe, na mpaka leo nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu mfano huo kwamba usifuate mkumbo kama wale panya. Sasa mwanafunzi mmoja kaniambia mwalimu ule ni uongo. Ni kweli ni uongo?

Marahaba mwalimu. Mwanafunzi wako mpe zawadi.

Filamu ile ni White Wilderness, ya kampuni ya Disney, 1958, na ilipata tuzo ya Oscar kama filamu ya mambo ya kweli. Wale wanyama wanaitwa lemingi. Hawajiui. Wakizidi idadi wanahama kutafuta chakula, na wengine wanakufa njiani au wakivuka maji, basi. Ile sehemu ilipigwa Alberta, Kanada, mkoa ambao hata bahari hauna, na lemingi hawaishi pale, walinunuliwa wakaletwa. Wakawekwa kwenye meza ya kuzunguka iliyofunikwa theluji ili wachache waonekane kundi kubwa. Halafu wakafikishwa kwenye genge la mto wakasukumwa chini. Na sauti ya msimulizi juu yake inasema, kwa upole kabisa, kwamba wanajitupa wenyewe. Televisheni ya CBC ya Kanada ndo iliyofichua yote hayo, 1982, yaani miaka 24 watoto duniani kote wamesomeshwa uongo, na wewe na mie tumo.

Mie hii inaniuma kuliko ya Errol Flynn. Kule angalau mtu alijua anaangalia hadithi. Hapa wanyama waliuliwa ili tuambiwe kwamba wanyama wenyewe ndo wanaojiua, wakasingiziwa na kifo chao. Mwalimu usiwache kuwaonesha wanafunzi, waoneshe hiyo hiyo filamu halafu waambie haya.

Ami, ile Hatari! ya John Wayne ni ya kwetu? Na wanyama mule waliuawa? Msomaji, Makunduchi.

Kwa maana ya pahala, ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, Momella karibu na mlima Meru, kabla ya uhuru, ikatoka 1962. Mwongozaji Howard Hawks. Kazi yao mle si kuua, wanakamata wa kupeleka kwenye mabustani ya wanyama, na Hawks alitaka waigizaji wenyewe wakamate, kwa hiyo John Wayne unayemuona kakaa mbele ya gari na kamba anamkimbiza kifaru, ni yeye na ni kifaru khasa.

Lakini nikwambie kitu madaktari wa wanyama wanakijua leo. Twiga au pundamilia au nyumbu ukimkimbiza kwa gari muda mrefu misuli yake inaungua kwa ndani, na anaweza kufa baada ya masaa au siku kadhaa, wewe ushaondoka na picha yako. Ndo mana siku hizi wakitaka kumkamata mnyama mkubwa wanampiga sindano ya usingizi kutoka mbali na wanajitahidi asikimbie sana. Wale wa kwenye Hatari! wakifunguliwa kamba wanasimama wanaonekana wazima, muziki unapiga, na baada ya hapo kamera haiko.

Ben-Hur iliua watu na farasi? (Michenzani)

Ziko mbili na watu wanazichanganya. Ya 1925, ile isiyo na sauti, ndio, farasi wengi walikufa kwenye mashindano ya magari, walianza kupiga Roma na wakamalizia Los Angeles na kamera 42. Ya 1959 ya Charlton Heston ni tofauti kabisa, farasi walifundishwa miezi na fundi Glenn Randall, na wale watu unaowaona wanakanyagwa ni madoli. Khabari kwamba mtu alikufa kwenye mashindano yale ya 1959 ni uzushi. Joe Canutt, aliyekuwa akifanya ya hatari badala ya Heston, alirushwa juu ya gari kweli, bila kupangwa, akachanika kidevu tu, wakaiacha kwenye picha.

Na yale maneno mwisho wa picha kwamba hakuna mnyama aliyedhurika, tuyaamini? (Bububu)

Yalianza na picha ya mbwa, The Doberman Gang, 1972. Yana maana, mana lazma mtu awe amekaa pale akatizama. Lakini anatizama pale kamera ilipo, na mnyama ana zizi, ana safari, ana mazoezi. 2012 tamthilia ya Luck ya televisheni ya HBO ilifungwa baada ya farasi wa tatu kufa, na wasimamizi walikuwepo. Yaaminini, na endeleeni kuuliza.

Shikamoo Ami wangu. Mie kijana wa Kengeja, Pemba, nna simu nzuri na rafiki zangu wanne, tunataka kutengeneza filamu fupi ya dakika kumi, ndoto yetu tuipeleke ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar. Hadithi ni ya mzee maskini ana mbuzi mmoja tu, anampenda, na siku ya harusi ya bintiye inabidi amchinje. Wenzangu wanasema bila ya kuchinja mbuzi kweli haitakuwa na nguvu. Na pia tunataka kuweka mchezo wa ng'ombe. Tufanyeje?

Marahaba mwanangu, hadithi nzuri hiyo, nimeipenda.

Anza na ng'ombe mana huo ni wa kwenu na mnaujua. Wazungu wakija Pemba wakaona mchezo wa ng'ombe wanasema aa, ni kama Uhispania, na wazee wanasema Wareno ndo waliouacha. Lakini kwetu ng'ombe hauliwi. Anachezwa, kina mama wanaimba, zumari inalia, mwisho anarudishwa kwa mwenyewe. Tabu anaipata, mie sisemi haipati, anavutwa kamba na anachokozwa, na ukiona ng'ombe amechoka anatoa povu mwambie mwenyewe, watu wa Kengeja wanajua kumpumzisha. Wewe piga unachokikuta. Usiombe mtu yeyote amkasirishe kidogo zaidi ili upate picha. Hilo neno "kidogo zaidi" ndo lililoanza kule kote nlikokueleza.

Mbuzi sasa. Hadithi yako si ya mbuzi, ni ya mzee. Nataka nione uso wake. Mpige mzee ananoa kisu kwenye jiwe, mkono unasita, mpige anamshika mbuzi kichwa kama anavyomshika kila siku asubuhi, halafu kata picha hapo. Tupeleke nje, watoto wanacheza, tusikie sauti tu, bismillahi, halafu kimya, halafu kamba iko chini haina kitu. Kamba tupu hiyo itamliza mtu kuliko damu ndoo nzima. Mkihitaji damu kwenye kisu, chemsheni sukari na maji mpaka iwe nzito, tieni rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo iwe na weusi, jaribuni kwanza kwenye simu mana kila simu inaona nyekundu kwa namna yake. Mkitaka mbuzi aonekane kalala, msimlazimishe kwa kumfunga, mchana wa jua kali akishashiba analala mwenyewe kivulini, kaeni tayari msubiri.

Wenzako wakishikilia lazma iwe kweli, basi kuna njia moja tu nnayoikubali mie. Harusini watu wanachinja, hamkuwaambia nyinyi wachinje. Ombeni ruhusa kwa wenye shughuli na kwa mchinjaji, simameni mbali, pigeni mara moja. Mchinjaji asisubiri taa yenu. Asigeuze mnyama kwa ajili yenu. Mkikosa, mmekosa, msiseme kuna wa pili. Na mkiona mkono wa mchinjaji unakawia kwa sababu anaitizama kamera, zimeni na ondokeni.

Na yule mbuzi wenu wa filamu kodini kwa mtu anayemfuga, na huyo mtu awepo muda wote, mana mbuzi asiyemjua mtu anahangaika, na akihangaika utaiona kwenye picha. Asifanye kazi zaidi ya nusu saa juani. Kila mkikata kupiga, kabla hamjaitizama picha mlopiga, mpeni maji.